Kazi Bila Daftari

Mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule ya kutwa nchini Tanzania husoma masomo yasiyopungua saba, mara nyingi tisa, na kila somo lina mwalimu wake. Jumatatu mwalimu wa hisabati anatoa maswali sita. Siku hiyo hiyo mwalimu wa jiografia anaagiza insha ya ukurasa mmoja na nusu kuhusu mmomonyoko wa udongo, ipelekwe Ijumaa. Jumanne mwalimu wa biolojia anataka mchoro wa jani wenye majina ya sehemu zake zote, na wa Kiingereza anataka sura mbili za hadithi ziwe zimesomwa kabla ya kipindi kijacho. Kila mwalimu akiitazama kazi yake peke yake anaiona ndogo, na kweli ni ndogo. Tatizo ni kwamba hakuna anayejumlisha. Mwalimu wa darasa hana orodha ya kazi zote, mwalimu wa taaluma anaangalia matokeo ya mitihani, mzazi anajua tu kwamba mtoto ana homuweki. Anayeuona mzigo wote ni mwanafunzi mwenyewe, mwenye umri wa miaka 14 au 15, na ni nadra kukuta mtu aliyewahi kukaa naye akamwonyesha mzigo huo unavyohesabiwa na unavyogawanywa.

Akishindwa kupeleka kazi, majina yake yapo tayari: mvivu, mzembe, hajitambui, anachezea fedha za wazazi. Shuleni anaadhibiwa, nyumbani anasemwa. Wapo wanafunzi wavivu, hilo halina ubishi. Lakini ukimfuatilia kwa karibu yule asiyepeleka kazi, mara nyingi unakuta alikuwa na nia ya kuifanya na uwezo wa kuifanya, ila saa ambayo angeifanya alikuwa amekaa hajui aanze na ipi, au hakumbuki kabisa kwamba kazi ipo. Makala haya yanatetea hoja moja. Kushindwa kwa namna hiyo hakutokani na upungufu wa akili wala wa bidii. Kunatokana na kuiachia kumbukumbu shughuli ambayo ingepaswa kufanywa na karatasi. Dawa yake ni ufundi mdogo unaofundishika, nao unajifunzwa ndani ya wiki chache, ila shule zetu na nyumba zetu bado hazijaamua kuufundisha.

Tuanze na kichwa chenyewe. Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani George Miller alichapisha makala yaliyopata umaarufu mkubwa, akieleza kwamba mtu hushika akilini kwa wakati mmoja vitu vipatavyo saba, pengine pungufu viwili au zaidi viwili. Mwaka 2001 Nelson Cowan, naye wa Marekani, alipitia ushahidi uliokusanywa baadaye akaishusha idadi hiyo hadi vinne hivi. Na hicho kidogo kinachoshikwa hakidumu. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alichapisha matokeo yake mwaka 1885: kwa kipimo alichokitumia, baada ya saa moja zaidi ya nusu ya alichokariri kilikuwa kimemtoka, na baada ya siku moja karibu theluthi mbili. Watafiti wa Amsterdam walilirudia jaribio hilo na mwaka 2015 wakachapisha matokeo yanayofanana sana na yake. Agizo la mwalimu lina maana, kwa hiyo halipotei haraka kama silabi hizo, ila mazingira linamotolewa ni mabaya kuliko chumba cha Ebbinghaus. Fikiria kipindi cha mwisho cha siku. Mwalimu anakimbizana na muda, anaandika kwenye kona ya ubao ukurasa wa 64, namba 3 hadi 8. Kengele inagongwa, viti vinaburutwa, wenye zamu ya usafi wanadai mafagio, na mmoja wao ameshaanza kufuta ubao. Mwanafunzi aliyekuwa bado ananakili mfano wa mwisho analiona agizo hilo kwa sekunde chache. Kisha anatembea kilomita nne, anafika nyumbani, anakuta ndoo hazina maji, moto haujawashwa na wadogo zake wana njaa. Saa mbili usiku anapofungua begi, kilichobaki kichwani ni kwamba hisabati kuna kazi fulani.

Muuza duka wa mtaani anayekopesha sukari na mafuta ya kula haitegemei kumbukumbu yake hata kama wateja wake ni majirani anaowaona kila siku. Deni linaandikwa kabla mteja hajaondoka. Wahenga walikwishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kazi ya shule hupotea hivyo hivyo, kimya kimya, mwenye nayo akaja kushtuka siku ya kudaiwa. Wanafunzi wengi watajibu kwamba wao huandika. Ni kweli huandika, lakini kila kazi nyuma ya daftari la somo lake, au pembeni mwa notisi, au kwenye kiganja cha mkono. Madaftari tisa yenye maagizo ni mahali tisa pa kutafuta, na daftari la jiografia likikusanywa kwa ajili ya kusahihishwa, agizo la jiografia limekwenda nalo. Kinachotakiwa ni mahali pamoja tu: daftari moja dogo la bei nafuu lisiloandikwa kitu kingine chochote. Kila kazi ipewe mstari wake wenye mambo manne, yaani somo, kazi yenyewe kwa ukamilifu, siku ya kupeleka, na siku na saa ya kuifanya. Mstari mmoja ungesomeka hivi: Hisabati, uk. 64, namba 3–8, kupeleka Alhamisi, nafanya leo nikimaliza kuosha vyombo, meza ya sebuleni. Kazi ikiisha, mstari unakatwa kwa peni. Na uandikwe pale pale mwalimu anapotamka, kabla begi halijafungwa. Sharti hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu dakika ile ndiyo ya vurugu kuliko zote, lakini mwanafunzi akijiambia ataandika akifika nyumbani, amerudi kulekule kwenye kumbukumbu aliyotaka kuikwepa.

Katika hayo mambo manne, la nne ndilo linalorukwa zaidi, pengine kwa sababu linaonekana kama pambo. Ushahidi unasema vingine. Wanasaikolojia Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter waliwaomba wanafunzi wa chuo kikuu nchini Ujerumani waandike taarifa ya namna walivyoutumia mkesha wa Krismasi, na waiandike ndani ya siku mbili baada ya mkesha huo, wakati ambao wengi wako na familia zao na hawana hamu ya karatasi. Kundi moja liliombwa pia litaje taarifa itaandikwa lini hasa na wapi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Katika kundi lililotaja saa na mahali, karibu robo tatu waliandika kwa wakati. Katika kundi lingine walioandika walikuwa theluthi moja hivi. Wote walikuwa wanafunzi, wote walipewa kazi ile ile na muda ule ule. Kilichowatofautisha ni sentensi moja. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, E. J. Masicampo na Roy Baumeister, waliongeza jambo lingine: lengo ambalo halijatimizwa huendelea kumsumbua mtu na kumharibia anachokifanya kwa wakati huo, lakini akishaliwekea mpango mahususi, usumbufu huo huondoka ingawa kazi yenyewe haijaguswa. Hii ndiyo maana mtoto anaweza kukaa mbele ya daftari la biolojia kwa saa nzima bila kuelewa kitu, kumbe nusu ya akili yake inazunguka kwenye historia na kemia. Mwandikie historia Jumatano na kemia Alhamisi, na biolojia itapata nafasi.

Lazima niseme pia kuhusu ratiba ya ukutani, kwa sababu ndiyo picha inayowajia wengi wakisikia habari za kujipanga. Inachorwa kwa rula na kalamu za rangi: saa kumi na mbili hadi saa moja fizikia, saa moja hadi saa mbili historia, saa mbili hadi saa tatu Kiingereza, kila siku hivyo hivyo mpaka Novemba. Inabandikwa Jumapili usiku, na ikifika Jumatano hakuna anayeiangalia. Mzazi anahitimisha kwamba mtoto hana msimamo. Mimi nahitimisha kwamba ratiba ile haikuwa na uwezekano wa kufuatwa tangu mwanzo, kwa sababu ilichorwa bila kujua kazi gani zitatolewa wiki hiyo, na ilikadiria muda kwa matumaini. Binadamu ni wabovu sana wa kukadiria muda wa kazi zao wenyewe. Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada waliokuwa wakimalizia tasnifu zao kwamba wangemaliza baada ya siku ngapi. Wastani wa majibu ulikuwa siku 34. Wakaulizwa tena, je, kila kitu kikienda vibaya kabisa? Wakajibu siku 49. Waliishia kutumia wastani wa siku zipatazo 56, kwa mujibu wa makala waliyochapisha mwaka 1994. Hata walipojilazimisha kuwaza mabaya, hawakuwaza mabaya ya kutosha. Kama watu wazima wa chuo wako hivyo, mtoto wa kidato cha pili anayeamini maswali sita ya hisabati ni kazi ya dakika 20 asilaumiwe, afundishwe kupima. Kwa wiki mbili aandike kwenye daftari lile lile saa aliyoanza kila kazi na saa aliyomaliza. Akigundua kwamba maswali sita humchukua dakika 50, atapanga kwa kutumia 50. Na katika wiki aache jioni moja tupu kabisa, kwa maana kuna siku umeme utakatika, kuna siku patakuwa na msiba, na mgeni hapigi hodi kwa kufuata ratiba ya mtu.

Kanuni ambayo ningeitetea kuliko zote ni hii: kazi ianzwe siku ile ile inapotolewa, hata kama inadaiwa wiki ijayo. Ianzwe, sijasema imalizwe. Kwa mwanafunzi wa Tanzania kanuni hii ina uzito wa pekee, kwa sababu amesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, na sekondari anakuta masomo karibu yote yanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Swali la jiografia analolisoma kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia siku ya kupeleka linaweza kumshinda kabla hajafika kwenye jiografia yenyewe, kwa neno moja tu ambalo hakulielewa, na usiku huo hakuna wa kumuuliza. Akilisoma Jumatatu, Jumanne asubuhi ataliuliza. Tuitazame ile insha ya mmomonyoko. Jumatatu anatumia dakika kumi: analisoma swali, analiandika upya kwa maneno yake, kwa Kiswahili ikibidi, kisha bila kufungua notisi anaorodhesha sababu anazozikumbuka, kama kukata miti ovyo, kulima kwa kuufuata mteremko, kuwa na mifugo mingi kuliko malisho. Jumanne anafungua notisi na kitabu, anaona alichosahau, anaongeza. Jumatano anaandika rasimu, na maneno ya Kiingereza asiyokuwa na hakika nayo anayapigia mstari ili akayaulize. Alhamisi ananakili kwa usafi. Ukijumlisha dakika zote, hazizidi zile ambazo angezitumia Alhamisi usiku peke yake, lakini insha ni nzuri zaidi na, muhimu kuliko insha, mmomonyoko umebaki kichwani.

Umebaki kwa sababu mbili ambazo utafiti umezithibitisha vizuri. Ya kwanza ni kutawanya. Mwaka 2006 Nicholas Cepeda na wenzake walipitia majaribio 317 yaliyolinganisha kujifunza kwa mkupuo na kujifunza kwa vipindi vilivyoachana, na ushindi wa vipindi vilivyoachana ukaonekana wazi. Ya pili ni kujiuliza kabla ya kufungua daftari. Mwaka huo huo Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine wakavisoma mara ya pili, wengine wakatakiwa kuandika wanachokumbuka bila kuangalia. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojiuliza walikumbuka asilimia 56 ya yaliyomo, waliorudia kusoma asilimia 42. Matokeo haya yanapingana na mazoea makubwa ya shule zetu, ya kupitia notisi mara tano mpaka zionekane zimeingia, na ya kukesha siku moja kabla ya mtihani. Anayekesha anaona amefaulu kwa sababu anapimwa asubuhi yake, wakati bado yuko ndani ya zile dakika tano. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne unauliza yaliyofundishwa kwa miaka kadhaa, na hapo mkesha hauna msaada. Isitoshe mwili nao una haki yake. Madaktari wa usingizi wa Marekani, kupitia chama chao cha American Academy of Sleep Medicine, walitoa mwongozo mwaka 2016 kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kila siku.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni la hali ya maisha, nalo linastahili jibu la kweli. Atasema mtu: kupanga muda ni kwa mwenye muda. Msichana anayerudi saa kumi na moja jioni, akachota maji, akapika, akaogesha wadogo zake, akaosha vyombo, kisha akakuta umeme wa LUKU umeisha, unamwambia apange nini? Namwambia hivi: mwenye dakika 40 ndiye asiyeweza kupoteza 15 akitafuta agizo liko daftari gani. Mwenye jioni nzima anaweza kumudu vurugu, yeye hawezi. Daftari lake pia litamwonyesha muda ambao haukuonekana, kama kipindi ambacho mwalimu hakuingia, ambacho katika shule nyingi si jambo la nadra, au nusu saa darasani kabla ya kuanza safari ya kurudi nyumbani. Mchoro wa jani unaweza kukamilika hapo. Lakini nisimdanganye msomaji. Daftari halichoti maji. Kwa mtoto ambaye siku yake yote imeshagawiwa na wengine, mpango alioandika peke yake hautatosha, na sehemu hii ya kazi ni ya watu wazima. Tangu Januari 2016 Serikali imefuta ada kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule zake. Mbali na sare na madaftari, kuna mchango mwingine ambao wazazi wengi hawajaombwa, nao ni saa moja ya mtoto kila jioni ambayo haiguswi na mtu. Ni mchango mzito kwa mama anayefanya biashara ndogo na anayemtegemea binti yake, naelewa. Hata hivyo familia ikikaa ikazungumza, mara nyingi inaonekana kwamba kaka yake naye ana mikono, na kwamba vyombo vinaweza kuoshwa kwa zamu.

Wapo wanaouliza swali la msingi zaidi: je, hizi kazi za nyumbani zina faida yoyote? Kwa watoto wadogo wana hoja. Harris Cooper wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake walikusanya tafiti za Marekani za kati ya mwaka 1987 na 2003, na katika muhtasari wao wa mwaka 2006 wakaona kwamba uhusiano wa kazi za nyumbani na ufaulu ni dhaifu kwa watoto wa madarasa ya chini, ila una nguvu kwa wanafunzi wa sekondari. Wakaona vilevile kwamba faida hiyo ina ukomo: kwa mwanafunzi wa sekondari ya juu, kazi ikishavuka kati ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu kwa usiku mmoja, haionekani kuongeza kitu. Tafiti hizo ni za nchi nyingine, na siwezi kuzihamisha kama zilivyo kuja Singida au Mtwara. Lakini zinatosha kuwauliza walimu swali moja: ni nani shuleni kwenu anayejua wanafunzi wa kidato cha pili A wamepewa kazi za saa ngapi leo? Karatasi moja iliyobandikwa nyuma ya mlango wa darasa, ambayo kila mwalimu anaandika kazi aliyotoa na siku anayoitaka, ingewaonyesha walimu wenyewe kwamba Ijumaa wameitisha kazi nne na Jumatano hakuna hata moja. Mwanafunzi aliyekosa kipindi kwa ugonjwa angejua cha kufanya. Na ile foleni ya kuangaliziana majibu saa moja asubuhi kabla ya paredi ingepungua, kwa kuwa wengi wanaoangalizia wanafanya hivyo kwa sababu wamekumbuka asubuhi.

Pingamizi jingine linakuja kwa mfano wa mtu: fulani hakuwahi kuandika chochote na alipata daraja la kwanza. Mara nyingi fulani huyo alisoma bweni. Shule ya bweni humpangia mwanafunzi bila yeye kujua. Kengele ndiyo inayomwambia saa ya kuamka, saa ya kula na saa ya prepo, taa zipo, meza ipo, wenzake wote wameinamisha vichwa. Sifa ambayo ingepaswa kwenda kwa kengele hupewa akili yake. Na yule mwenye kipaji cha kweli naye asijidanganye. Daraja la mtihani wa kidato cha nne hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, na daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17. Kipaji cha hisabati na fizikia kitampa masomo mawili. Matano yaliyobaki yatatoka kwenye kazi za kawaida za wiki hadi wiki, zile zinazosahaulika.

Kuhusu simu sitasema mengi, maana shule nyingi zimeshaizuia na nyumbani aghalabu ni ya mzazi. Simu inaweza kutunza orodha vizuri kabisa. Ila daftari halihitaji chaji wala bando, linaruhusiwa darasani, na likifunguliwa halina video. Kwa umri huo, daftari linatosha.

Haya yote hayahitaji mradi wala fedha za wafadhili. Kila Januari shule za sekondari hupokea wanafunzi wapya wa kidato cha kwanza, na nyingi hutumia wiki za mwanzo kuwazoesha Kiingereza kabla ya masomo kamili kuanza. Ninawaomba wakuu wa shule watenge vipindi viwili tu katika wiki hizo. Cha kwanza, kila mtoto atengeneze daftari lake la kazi na aandike ndani yake kazi halisi aliyopewa siku hiyo, ikiwa na saa na mahali pa kuifanyia. Cha pili kifanyike wiki moja baadaye: daftari lifunguliwe, mwalimu apite dawati hadi dawati aangalie kilichokatwa na kilichobaki, na aliyekwama asaidiwe badala ya kuadhibiwa. Kisha mwalimu wa darasa alipitie daftari hilo kila Ijumaa kwa muhula mmoja, dakika kumi, mpaka liwe mazoea. Mzazi naye usingoje shule. Leo jioni usimuulize mwanao kama ana homuweki. Muulize imeandikwa wapi, na ataifanya saa ngapi, kisha saa hiyo ikifika usimtume dukani.